Rangi ya Kucha Ndani ya Eda

Mwasiti ametangulia mwaka huu. Mtaa mzima tulimzika, na katika wote waliokula pilau ya hitima yake sikumsikia hata mmoja akisema alikuwa fundi. Walisema alikuwa mpole. Mtu akikosa la kusema juu ya mwanamke, husema alikuwa mpole. Mimi niliyempelekea manyoya ya kuku miaka yote najua alikuwa nani, na kwa kuwa sasa hakuna wa kumdhuru, nasema.

Kazi yake ilikuwa kufunga ndoano za manyoya. Mshipi mmoja wa migebuka unabeba ndoano nyingi, kila moja imevishwa nyoya jeupe la shingo ya jogoo. Mvuvi anazishusha na kuzipandisha majini, na mgebuka kwa uroho wake anadhani ni dagaa wanakimbia. Nyoya likikaa vibaya, ndoano inazunguka kama mlevi na samaki anaipita. Likikaa sawasawa, inaogelea. Za Mwasiti zilikuwa zinaogelea.

Alifundishwa na baba yake, mvuvi wa hapahapa Ujiji, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume akaona amfundishe aliyepo. Vifaa vyake alivitengeneza mwenyewe. Cha kubania ndoano kilikuwa mkono wa breki ya baiskeli, ameupigilia kwenye kigoda na kuukaza kwa bolti. Uzi aliupitisha ndani ya kalamu iliyotolewa wino, usimpotee vidoleni. Sindano ya kupangia nyoya aliichomeka kwenye gunzi la hindi likawa mpini. Vya dukani alikuwa navyo viwili tu: mkasi wa kucha na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ya kugandishia fundo. Gundi alizijaribu zote, maji ya ziwa yakazishinda. Rangi ya kucha hayakuiweza.

Kulikuwa na kitu kingine ndani ya kopo uvunguni. Mgeni mmoja aliyekuja kuvua kwa kujifurahisha alimwachia Gharib, mume wa Mwasiti, jiriwa ndogo ya kiwandani, kibanio cha chuma chenye mpini wa kuzungusha, inang'aa kama kijiko cha arusi, imeundwa kwa kazi hiyohiyo ya kufunga manyoya. Mwasiti aliijaribu mara moja tu.

"Mdomo wake mdogo, ndoano zetu haimezi," aliniambia. "Hii ni ya watu wanaovua wakiwa wameshiba."

Gharib akafa kwa sukari. Mwasiti akaingia eda: nguo nyeupe, hatoki nje, hajipambi. Watoto hawakujaliwa, lakini mwenyewe hakuwa na hofu ya kula, maana kazi yake ni ya kukaa ndani. Ndipo Elikana alipokuja na ndoano alizozichukua juzi yake, amezifunga kwenye gazeti. Huyu ni mvuvi wa Ilagala, mlokole, eda haimhusu ndewe wala sikio, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzirudisha. Alisimama mlangoni akazungumza na Yusra, dada wa marehemu Gharib.

"Mwambie mama pole sana. Ila hizi sizitii majini. Mkono wa eda hauendi ziwani."

"Nani kasema?"

"Nyie wanawake mnauliza nani kasema. Wanaozama ni sisi."

Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Sheikh akaulizwa, akajibu kazi ya mikono ndani ya nyumba haina ubaya wowote. Wavuvi wakasema sheikh hapigi kasia.

Mwasiti alilia kidogo, kisha akafuta uso. "Wifi, hebu toa lile kopo."

Yusra huyo hata kifungo cha shati anampelekea fundi cherehani. Lakini alijua kukaa barazani na kuonekana. Jiriwa ikafungwa kwenye meza, ikawekwa nyoya na uzi mwekundu, Yusra akawa anazungusha mpini kila mtu akipita. Mwasiti akawa ndani, nyuma ya pazia, na breki yake ya baiskeli. Mimi nikapitisha manyoya mlango wa uani.

Elikana aliinua ndoano ya kwanza akaigeuzageuza. "Ehe! Si mnaona? Mashine! Yule mama alikuwa anatufungia kwa breki ya baiskeli kama anatengeneza mtego wa panya."

Nilikuwa ndani wakati huo. Mwasiti alijiziba mdomo kwa kanga asisikike akicheka. Siku zile lilikuwa bado ni jambo la kucheka. Wavuvi wakajaa baraza, wengine wakitoka mpaka Bangwe, na wote wanasifu mkono wa Yusra.

Halafu akaja Bi Ummy, jirani, kumliwaza mjane. Kigoda kilisukumwa uvunguni upesi, lakini harufu ya rangi ilibaki. Akavuta pua. Akavuta tena. Akamshika Mwasiti mkono akaona ncha ya kidole ina wekundu.

"Mwasiti! Rangi ya kucha? Mwenzio hata udongo haujakauka!"

Neno moja tu lingemwokoa: ni ya ndoano. Lakini barazani palikuwa na wavuvi wanangoja.

"Nimekosa, Bi Ummy," akasema. "Niombee."

Bi Ummy akamwombea kwa sauti, mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Mpaka jioni Mwasiti alikuwa na bwana, na bwana alikuwa na pikipiki. Nilimkasirikia Mwasiti.

"Utawaacha wakuvue nguo hivi?"

"Nikitoka eda nitakaa barazani niwafungie mbele ya macho yao, fundo kwa fundo. Wataona rangi inapokwenda. Na Bi Ummy atakuja kuniomba radhi kwa miguu yake."

Hilo ndilo alilolishikilia. Nadhani lilimtosha, maana alianza tena kula vizuri.

Eda ilikuwa inakaribia kwisha Wilfred, mvuvi wa Bangwe, alipopotea. Upepo ulipiga ghafla, mtumbwi wake ukaonekana umepinduka, yeye hakuonekana. Ndoano zake zilikuwa za baraza ile. Watu wa mwaloni, kule mitumbwi inakopakuliwa, wakaanza kutafuta sababu, kama kwamba upepo hautoshi. Mara aligombana na mkewe, mara alidharau mwiko.

"Ndoano hazina kosa," nilimsikia Elikana akisema hapo nje. "Zile ni za mashine, safi. Angekwenda na za yule mjane, hapo tungesema."

Mwasiti alikuwa ameshika uzi. Akauachia wote ukafumuka.

"Sasa siwezi kusema tena," akaninong'oneza. "Wakijua, nimemuua mimi."

"Upepo ndio umemuua. Kwani na wewe unaamini upuuzi huo?"

Aliiangalia mikono yake, akaificha chini ya kanga.

Siku aliyotoka eda alioga, akavaa nguo ya rangi, akabeba kigoda chake mwenyewe mpaka barazani na kukiweka kando ya meza ya Yusra. Ya nyuma hakukusudia kuyataja; alitaka tu wauone mkono wake kuanzia siku hiyo. Alikuwa amekonda. Nilikaa naye na mfuko wangu wa manyoya. Elikana akafika, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Hongera kwa kumaliza." Akakitazama kigoda, akamgeukia Yusra. "Zangu tayari?"

"Keti nikufungie hapahapa," Mwasiti akasema. "Utaona mwenyewe."

"Aka, mama, usichukie. Na yale ya kucha nayo tuliyasikia. Mtu asiyemheshimu maiti ziwa halimtaki. Mimi nangoja za mashine."

Nilimkazia Yusra macho. Neno lilikuwa lake sasa. Angeweza kusema mkono ni ule ule tangu mwanzo, au walau angesema, wifi kanifundisha mimi. Alizungusha mpini wa jiriwa, nayo imebana hewa tupu.

"Wifi," akasema taratibu, "ingia ndani basi. Mtu anasubiri."

Mwasiti akainuka. Kigoda kilikuwa kizito kwa kile chuma, nikamsaidia kukipitisha mlangoni. Elikana alitupisha kwa adabu, akaketi mahali petu, akaanza kumsimulia Yusra habari za migebuka.

Chumba cha ndani ndicho alichofanyia kazi mpaka alipokufa. Tangu msiba Yusra hajafunga hata ndoano moja. Wavuvi wanasema ni huzuni.