Senene wa Kambi ya Dibeti

Kokubanza binti Kashaija hakuwa mtoto wa kuambiwa "nyamaza" akanyamaza. Ukimwambia mara moja, atakuuliza kwa nini. Ukimwambia mara ya pili, atakuuliza kwa nini hukumjibu mara ya kwanza. Majirani pale Kitendaguro walisema binti huyo ana mdomo, wakalisema hilo kwa sauti ya chini kama watu wanaotaja ugonjwa. Mdomo kila mtu anao, jamani. Wengine wameamua kuutumia kula ndizi za bitoke tu, na hiyo ni shauri yao.

Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mwaka ambao kahawa ilipata bei nzuri alijinunulia koti zito la sufu, jeusi, lenye mifuko mirefu, na tangu hapo koti hilo lilikwenda kanisani na kurudi, basi. Lilining'inia ukutani juu ya kitanda, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa isipokuwa yeye. Mkewe, Verdiana, alilipita kila siku akifagia, bila kulitazama.

Desemba ile, mwaka uliofuata ule ambao Malkia wa Uingereza alivishwa taji, misheni moja ya Kilutheri juu ya kilima cha Kagondo ilifungua kambi ya dibeti kwa muda wa likizo. Wanafunzi walitoka shule mbalimbali za Bukoba, na wengine walipanda lori la kahawa toka Muleba. Kazi ilikuwa moja tu, kuanzia chai ya asubuhi mpaka giza: kusimama, kutoa hoja, kuvunja hoja ya mwenzako, kukaa, kusimama tena. Walibishana kwa Kiingereza mpaka taya zikauma. Siku ya mwisho tu ndipo wangebishana kwa Kiswahili, ili wazazi nao waelewe, na Mkungu Byabato, mkubwa wa eneo lile, angekuja kuamua nani ameshinda.

Kashaija alimruhusu binti yake kwenda, lakini kwa sharti. Alimwita asubuhi ya kuondoka, akiwa amesimama kwenye migomba na panga mkononi.

"Nasikia Mkungu atakuja," alisema. "Nenda ukaseme. Lakini ukinitia aibu mbele yake, shule basi. Januari utabaki hapa kibanjani na mama yako."

"Nimesikia, tata," Kokubanza akajibu, amepiga magoti kama binti yeyote wa Kihaya anavyozungumza na baba yake. Alikuwa amesikia kweli. Alitaka ile shule kuliko kitu kingine chochote duniani, na baba yake alilijua hilo vizuri sana.

Sasa, siku chache baada ya kambi kuanza, senene, wale panzi wa msimu wanaoliwa, wakaanguka. Nao wakianguka kweli, nyasi hubadilika zikawa zinatembea. Uwanja wa mpira wa misheni ulijaa senene wa kijani na wa kahawia, na Mwalimu Josia, msimamizi wa kambi, alitoka na mswaki mdomoni, akatazama, akatabasamu mpaka povu likamdondoka.

"Wasichana!" aliita. "Leteni makapu!"

Tangu siku hiyo, alfajiri wasichana walikuwa wakiinama kwenye umande kukamata senene, kisha wanakaa nyuma ya jiko kunyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja, mpaka vidole vinateleza kwa mafuta. Wavulana muda huo walikuwa darasani wakifanya mazoezi ya hotuba. Senene wakishakaangwa, waliliwa na wavulana na walimu. Wasichana walipewa chai na kiporo cha bitoke, kwa sababu mwanamke wa Kihaya hali senene. Akila, walisema watu, atazaa mtoto mwenye uso wa senene.

Kokubanza alikwenda kwa Mwalimu Josia. "Mwalimu, wenzetu wanafanya mazoezi saa ambazo sisi tunanyonyoa. Tutashindanaje nao?"

"Hiyo ni mila, binti yangu," Mwalimu Josia akamjibu kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa senene, na hao ndio wagumu zaidi kuwashawishi.

Wakapiga kura ya kugawana pande za mada ya mwisho. Mada ilikuwa: mila ya kuwakataza wanawake kula senene ikomeshwe. Buberwa, kijana wa Muleba mwenye sauti nzito kama ya mhubiri, akaangukia upande wa kutaka ikomeshwe. Kokubanza akaangukia upande wa kuitetea. Yeye! Alitaka kulia. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka senene, na Buberwa, ambaye asubuhi hiyo alikula sahani mbili bila kumuuliza mtu kama ameshiba, sasa ndiye angesimama kuwapigania wanawake.

Mwalimu Josia alifurahi. Binti anayetetea mila mbele ya Mkungu! Akamsaidia kutunga hotuba tamu, ya heshima kwa wazee, ya wanawake watulivu na nyumba zenye amani. Kokubanza aliikariri yote. Ilimkaa kooni kama dawa ya kwinini.

Asubuhi ya siku ya mwisho, akina mama walikuja kusaidia jikoni, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na makapu yalikuwa makubwa. Verdiana alikaa karibu na binti yake, akinyonyoa kwa kasi bila hata kutazama mikono. Upande wa pili alikaa Mariamu, rafiki mpya wa Kokubanza, msichana Mwislamu wa mtaa wa Bilele ambaye babu yake alitoka pwani. Mariamu alikuwa na desturi ya kutupia senene mdomoni kila alipokaribia jiko.

"Kwetu Bilele tunakula wote," alisema. "Mama yangu alikula senene mimba yangu nzima. Nitazameni uso." Wakamtazama. Ulikuwa uso mzuri kupita kiasi. "Lakini nyinyi, mnanyonyoa kutwa. Mnapewa nini?"

Wanawake wakacheka. Verdiana hakucheka.

"Zamani tulipewa," alisema. "Mwanamume hakuonja senene kabla hajamletea mkewe nguo mpya. Hiyo ndiyo ilikuwa mila. Nyanya yako, Kokubanza, kila msimu wa senene alikuwa na nguo mpya. Mimi nililetewa kitambaa cha kichwa mwaka nilioolewa." Akatupa mabawa kando. "Baba yako alisahau. Wote walisahau, mwaka mmoja, kwa pamoja."

Kokubanza aliacha kunyonyoa. "Mae, na mbona hamkusema?"

"Tungesemea wapi?"

Mchana ukumbi ulijaa. Mkungu Byabato aliketi mbele, chini ya picha ya Malkia, na fimbo yake katikati ya magoti. Kashaija alikuwa safu ya pili, ndani ya koti lake, akitoka jasho. Akina mama walisimama nje madirishani, maana viti vilikuwa vya wanaume. Harufu ya kapu la kwanza lililokaangwa jikoni ilikuwa imeshaanza kuingia, na wazee walikuwa wakimeza mate waziwazi. Makapu mengine yalikuwa bado, yakiwasubiri wasichana wamalize dibeti.

Buberwa alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema mwanamke naye ni mtu, ana tumbo, ana ulimi. Watu wakapiga makofi. Akakaa, akajifuta uso.

Kokubanza akasimama. Alianza ile hotuba tamu. Alisema maneno ya wazee na heshima, na Mwalimu Josia alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi. Kisha akamwona mama yake dirishani, na kitambaa cha kichwa kilichofifia mpaka rangi yake haijulikani. Akaikatiza hotuba. Alijua kabisa anachokitia hatarini. Aliona Januari, aliona njia ya shule, aliona migomba. Hasira ikampanda, na hasira ile ilikuwa tamu kuliko hotuba yote ya Mwalimu Josia.

"Nimepewa kazi ya kutetea mila," alisema. "Basi nitaitetea yote, si nusu. Buberwa anataka mila hii ife. Mimi nataka irudi. Mila inasema mwanamke anyonyoe, na mwanamume ale. Lakini inasema pia mwanamume asionje kabla hajaleta nguo mpya. Mmekula tangu senene walipoanguka. Nguo ziko wapi?"

Dirishani mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Wewe!" Mkungu Byabato aligonga fimbo chini. "Unapozungumza na mimi, piga magoti!"

"Waitu Mkungu, kanuni ya dibeti inasema msemaji husimama," Kokubanza akajibu. Hakukaa. "Nikimaliza nitapiga magoti nikuamkie kama nilivyofundishwa nyumbani. Sijamaliza. Mimi ni mtetezi wa mila, na mtetezi wa mila hawezi kuivunja. Kwa hiyo mimi na wenzangu hatutamgusa senene mwingine leo mpaka tuone nguo. Na wale waliokwisha kukaangwa tutawafunika. Hoja yangu imeishia hapo."

Akatoka mbele ya meza, akapiga magoti taratibu, akamwamkia Mkungu kwa adabu zote. Dirishani vigelegele vilipasuka, na Mariamu alikuwa ameshatoka mbio kwenda kukalia kapu la senene waliokaangwa.

Mkungu alimpa Buberwa ushindi bila kuinuka kitini. Hakuna aliyeshangaa. Kisha akageuka nyuma.

"Kashaija. Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Mfundishe adabu. Na waambie hao wanawake watuletee senene."

Lakini senene hawakuja. Wavulana walitumwa kunyonyoa, wakaenda kwa vishindo, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumnyonyoa senene maishani mwake. Walivuta bawa wakang'oa kichwa. Walibana tumbo, mafuta yakawarukia kwenye mashati meupe. Nusu ya kapu ikaruka ikaondoka zake. Buberwa, mpiganaji wa wanawake, alisimama na senene mmoja mkononi akimwangalia kama swali la hesabu. Mwalimu Josia alibembeleza, akaahidi, akatishia. Wasichana walikaa juu ya makapu yaliyobaki na akina mama wakasimama nyuma yao, mikono kifuani.

Kashaija akaja. Watu wakampisha, kwa kuwa Mkungu alikuwa nyuma yake akitazama. Kokubanza alisimama. Alijua kofi linakuja, akaukaza uso kulipokea.

Baba yake alimpita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Verdiana, akavua lile koti la sufu, akamvisha mabegani. Akamfunga kifungo cha juu.

"Si jipya," alisema. "Lakini sina lingine. Sasa nipeni senene wangu."

"Kashaija!" Mkungu akafoka. "Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nimfundishe adabu, waitu. Amekuamkia kwa magoti, nimeona kwa macho yangu. Nilichosahau mimi ni nguo."

Mariamu alinyanyuka kwenye kapu. Kokubanza akampakulia baba yake senene kwenye jani la mgomba, akampa kwa mikono miwili. Kashaija alikula akiwa amesimama, mbele ya wanaume wote waliokuwa wakimtazama na kumeza mate. Alikula polepole, kwa makusudi. Mkungu Byabato aliondoka na njaa yake. Wanaume wengine wawili watatu walianza kupekua mifuko, kisha wakaelekea mjini kwenye maduka ya nguo kwa hatua za watu wasiotaka kuulizwa wanakwenda wapi.

Jioni walirudi Kitendaguro kwa miguu. Kashaija alitangulia, akiwa na shati tu, na upepo wa ziwa ulikuwa baridi. Verdiana alifuata ndani ya koti lililomfika karibu na vifundo vya miguu, na kwenye mfuko mmoja mrefu wa koti hilo kulikuwa na senene waliobaki, wamefungwa vizuri kwenye jani. Kokubanza alikuwa nyuma. Alikuwa akiwaza habari ya Januari, na hakuthubutu kuuliza.

Walipoingia kwenye migomba, alisikia sauti mbele yake. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya meno. Ikanyamaza. Ikaja tena. Mkono wa mama yake ulikuwa ndani ya mfuko.

Kokubanza akasimama palepale. Baba yake naye alikuwa amesikia, maana alipunguza mwendo. Sauti ya meno haikukoma. Verdiana alikuwa akitafuna waziwazi sasa, akitembea katikati ya njia, kichwa juu.

Kashaija hakugeuka nyuma. Alitembea hivyo mpaka karibu na mlango wa nyumba, ndipo akasema:

"Kokubanza. Januari ukirudi shule, mwandikie yule kijana wa Muleba aliyetaka mila ife. Mwambie alishinda kihalali."