Pale Wimbo Inanyamaza

Kama munapita ku nyumba ya Tata Polycarpe munaimba, musikate wimbo katikati. Mi Numbi njo ninabaambia. Nilimupigia gitare tangu tuko bajeunes, vijana.

Mwaka ya sabini na mbili, sisi njo tulikuwa bahippies ya Kolwezi. Nywele kubwa, maua ndani, suruali pana inafagia barabara. Batata yetu, baba zetu bachimbaji ya mine, balituona bavivu tu. Polycarpe akatunga wimbo: «Kesho sishuke mu shimo, kesho ninalala mu jua.» Yaani, bajeunes yote, mpaka ku Dilolo, balishika ile wimbo sawa na sala! Mbele ya ubeti ya mwisho, Polycarpe alikuwa ananyamaza. Sisi wote tunalala chini, kimya, kitambo murefu, kisha yee anaanza tena na tunaruka. Tulisema dunia itakuwa vile. Bujinga! Mwaka yenye ilifuata, yee alikuwa karani ku mine, na mi nilikuwa ninashuka mu shimo.

Leo bantu banachimba kobalti mu lupango, mu uwanja na chini ya nyumba zao. Mechack, mutoto ya Polycarpe, baba ya batoto bane, alifungua shimo nyuma ya jikoni. Mzee alikataza, alilia, alitupa kamba ya kushukia mu choo. Mechack akanunua ingine.

«Papa, wimbo hailishe muntu.»

Huku kwetu, mwenye kuwa chini anaimba. Kama sauti inakuya, pumzi iko. Kama inakatika, munavuta kamba mbio, bila kuuliza. Mechack alikuwa anaimba ile ya baba yake, sababu ni ndefu, na pia kwa kumuchokoza mzee.

Ile Jumanne, Mechack alishuka, mi na jirani Kabemba tulishika kamba. Polycarpe alikuwa ku kiti, amenuna, lakini muguu yake inacheza. Sauti ikafika mbele ya ubeti ya mwisho, ikanyamaza. Kabemba akataka kuvuta. Nikamukamata mukono.

«Ngoja kwanza, wimbo iko vile.»

Nilicheka, Mungu anisamehe. Polycarpe naye alifunga macho, akatabasamu. «Anaijua muzuri,» akasema.

Tukangoja. Polycarpe njo wa kwanza alisikia kimya imepita kipimo, akafungua macho. Aliruka toka ku kiti, akavuta kamba na mikono yake ya buzee, anaita jina ya mutoto. Tulimutoa Mechack amekwisha kufa, mwili ingali na moto. Hewa ilikuwa mubaya kule chini. Yaaye, mama! Mi njo nilizuia kamba.

Polycarpe hajanitukana hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Matanga ilipokwisha, Kabemba alishuka mu shimo ile ile. Batoto bane ya Mechack banakula nini? Mujane ya Mechack njo anashika kamba, na mi ninamusaidia. Kabemba anaimba wimbo ya kanisa. Polycarpe anaketi pale kutoka asubuhi, anasikiliza. Kila mara Kabemba anavuta pumzi kati ya maneno mbili, mzee anasimama na anashika kamba.