Mawese Tumboni mwa Mudage

Teke-teke-teke, kisha kimya kidogo pale anapogeuza kitambaa, kisha teke-teke-teke tena. Hata leo, nikiwa shambani napalilia maharagi, mlio huo hunijia masikioni bila kuuita. Ulikuwa mlio wa mashini ya kushona ya Mama mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, kwenye baraza yake kando ya barabara pale Kashebere. Ulisikika toka kisimani. Wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wakisema, "Mudage ameamuka," nao wakaharakisha mitungi yao.

Mudage ndilo jina tuliloipa ile mashini. Badage ni Wajerumani, ndivyo wazee wetu walivyowaita, na mashini ilitoka kwao. Ilikuwa nyeusi, shingo imeinama kama ya bata anayekunywa maji, na maandishi ya dhahabu yaliyofutika nusu. Ilizungushwa kwa mkono uliofungwa kwenye gurudumu lake la ubavuni. Mke wa mzungu mmoja mwenye shamba, ambaye Mama mukubwa alimshonea mapazia na nguo za watoto kwa miaka mingi, ndiye aliyemwachia alipokuwa anafunga mizigo wakati wa uhuru. Alimwachia pia chupa ndogo ya mafuta meupe kama maji, akamwonyesha namna ya kuyadondosha. Mama mukubwa alifurahi mno. Nafikiri macho yake yote yalikuwa kwenye mashini, chupa hakuiona vizuri.

Mimi nilikwenda kukaa kwake baada ya mwaka wa tano wa shule ya msingi, masomo yalipokatika kwa sababu ya fujo za miaka ile. Nilikata nyuzi, nikashona vifungo, nikajifunza kupiga mshono ulionyooka. Ahadi yake ilikuwa wazi, alinipa mbele ya mama yangu: "Siku macho yangu itachoka, Mudage iko yako. Utaolewa naye." Basi mimi nikajenga nyumba yangu yote kichwani: baraza ya bati, kibao cha rangi ya bluu, wasichana wa kujifunza wamekaa kwenye benchi, na mimi nawaambia, "Polepole, dada, usimukimbize Mudage." Nilikuwa nacheka peke yangu hata nikimenya muhogo.

Siku za soko watu walisimama barazani kumtazama Mudage, na maneno hayakwisha. Kulikuwa na muuzaji wa mapanga ambaye kila kitu chake kilikuwa cha Badage, hata kile kilichofuliwa jana nyuma ya nyumba yake.

"Mama, nunua hii," alimwambia Mama mukubwa. "Panga ya Badage. Itazika bwana yako, itakuzika na weye."

"Ikuzike weye kwanza, tuone kama inafanya kazi muzuri."

Watu walicheka. Jirani yetu, mzee mwenye mguu mbovu, ambaye katika ujana wake alibeba mizigo katika vita vya wazungu, hakucheka. Yeye aliwajua Badage.

"Mi nilibeba sanduku yabo hapa juu ya kichwa," alisema. "Ilinianguka mu muto. Nilipigwa fimbo, sanduku haikupata kitu. Tulipoifungua, misumari ndani ilikuwa mikavu."

"Na kichwa yako?" muuzaji akamuuliza.

"Kichwa ilitengenezwa hapa kwetu. Njo maana iko hivi."

Kisha walibishana kwa nini vitu vya Badage havifi. Mmoja alisema ni kwa sababu kwao kuna baridi, chuma kinakomaa. Mwingine alisema kule fundi hapewi chakula mpaka kitu kiishe vizuri. Mama mukubwa alisema tu, "Kitu ya Badage haiombe kitu," na wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nawaza kwamba kule kuna binti wa umri wangu, kazi yake ni kusugua lile gurudumu moja tu, asubuhi mpaka jioni, na akimaliza analiweka dirishani aone kama jua linateleza juu yake. Nilimpenda yule binti bila kumjua.

Ile chupa ya mafuta ilikwisha. Malori yalikuwa hayapiti tena, barabara ya Goma ilikuwa na hofu, na hakuna aliyekuwa na mafuta meupe. Mama mukubwa hakuhangaika. Alishona msimu mzima hivyo hivyo, mpaka Mudage akaanza kulia, ule mlio mwembamba kama wa mlango. Ndipo shemeji zake walipofika kwa miguu kutoka Itebero, kule msituni, na dumu la mawese mapya.

"Hii ni mafuta ya kwanza, sijaipikia muntu," Mama mukubwa alisema, na akachovya unyoya wa kuku, akampaka Mudage kila mahali, ndani na nje, kwa upole, kama anapaka mtoto aliyetoka kuoga. Mashini ilinyamaza, ikaenda laini. Kwa siku kadhaa nguo zilitoka na harufu ya jikoni. Jirani mzee akapita akauliza, "Leo munashona ao munapika?" Tulicheka sote. Pale Kashebere, mchana wa joto, kila kitu kilikwenda vizuri.

Kisha tukaitwa Masisi, juu milimani, kwenye familia ya wakulima wa maharagi iliyokuwa inamwoza binti yake. Kwetu fundi huenda kumshonea bibi arusi nyumbani kwao, mbele ya shangazi zake, ili kitambaa kisionekane nje kabla ya siku yenyewe. Mama mukubwa alimweka Mudage kwenye kitunga cha mgongoni, akafunga kamba kwenye paji la uso, akapanda naye mlima. Mimi nilibeba kitambaa. Alikuwa amesema njiani kwamba mshono wa kiuno nitaupiga mimi. Sikuhisi hata kiu.

Kule juu asubuhi baridi inashika mifupa. Mawese yanaganda kwenye chupa yanakuwa kama sabuni. Hilo tunalijua sote; hakuna mama wa Masisi asiyesogeza chupa yake karibu na moto kabla ya kupika. Pale pale, kwenye jiko lao, chupa ilikuwa karibu na moto, naiona mpaka leo. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba yaliyomo tumboni mwa Mudage ni mawese yale yale.

Mama mukubwa alishika mkono wa mashini. Haukuzunguka. Alisukuma tena.

"Mudage gani huyu anaogopa baridi?" shangazi mmoja akasema. "Kwabo si kuko barafu?"

"Anazoea," Mama mukubwa akajibu. Niliona ameona haya. "Kitu ya Badage haivunjike."

Akasimama, akaegemea kwa uzito wake wote, mikono miwili. Ikasikika kah, mlio mdogo tu. Gurudumu likalegea. Alipofungua kibati cha chini tulikuta naveti imevunjika mdomo. Naveti ni kile kichuma kama samaki mdogo kinachobeba uzi wa chini. Bila hicho mashini haishoni. Bibi arusi alitoka chumbani akatutazama, akarudi ndani.

Gauni tulilishona kwa mkono, sote, hata yule shangazi aliyetutania. Lilipendeza, na kiuno nilikishona mimi kama nilivyoahidiwa. Lakini tulipokuwa tunateremka, Mama mukubwa alitangulia mbele bila kugeuka nyuma mpaka Kashebere.

Malori yaliporudi, shofere mmoja mwenye huruma alimfungua Mudage barazani. Alikwangua kwa ukucha kitu cha kahawia kilichoganda kama gundi ya mti, akakinusa.

"Mawese?"

Mama mukubwa akaitika kwa kichwa. Shofere hakucheka. Aliiosha mashini kwa petroli ya taa, na gurudumu likazunguka kama zamani. Akatuonyesha vitundu vidogo juu, ubavuni na chini, ambavyo siku zote nilidhani ni urembo.

"Unaona, mama? Badage balijua chuma inasikia njaa, njo bakatoboa hizi. Sisi njo tunasema kitu yabo haiombe kitu. Bo habakusema vile."

Alitutafutia naveti Goma, akatafuta na Bukavu. Aliyoipata ilikuwa ya mashini nyingine. Ilicheza ndani kidogo tu, unene wa ukucha, na Mudage akaikataa. Uzi ulikatika kila tulipojaribu. Kilichomfanya awe mzuri, kule kupimwa kwake sana, ndicho kilichomfanya asikubali mgeni.

Mama mukubwa alihamia Itebero na mume wake, kwa wale shemeji zake. Sasa analima. Siku ya kuondoka aliniita barazani. "Ahadi ni ahadi. Nakupatia bwana bubu," akasema, akajaribu kutabasamu. Nilimwambia bwana bubu hasumbui nyumba, na tukacheka, halafu tukalia.

Basi ni wangu. Nashona viraka na vifungo kwa mkono, na ile baraza yenye kibao cha bluu bado ninayo kichwani, ila kwenye meza yake sasa naona kitambaa na sindano tu. Ninachosikitikia zaidi ni zile siku za soko, jinsi tulivyomsifu Mudage wetu kwa sauti kubwa, na yeye yuko hapo hapo mbele yetu na njaa yake.

Juzi nilimwomba shofere anayepita anipe mafuta meupe kidogo, kwenye kichupa cha dawa. Asubuhi, watu wote wa nyumbani walipokwenda shamba, nilifunga mlango nikaondoa mfuniko wa mbao wa Mudage. Nilidondosha tone kwenye kila kitundu, juu, ubavuni, kisha nikamlaza nikaweka na chini. Nikashika mkono wake nikauzungusha, bila uzi, bila kitambaa, mpaka ukaenda laini. Mafuta yaliyozidi nikayafuta kwa ncha ya kitenge changu, nikamfunika.