Mama mkwe alinituma kuazima ungo mpaka nikafika kwa mama (kwa mnaojiwekea malengo ya mazoezi)

Wakuu, shikamoo kwa walionizidi umri, kama humu mpo. Wengine wote marahaba.

Uzi huu nauandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mjukuu amenionyesha tu pa kubonyeza. Yote yalinipata mimi, wala sio chai. Anayetaka chai aje Akheri nimpikie.

Kilichonileta ni uzi wa yule binti wa Olasiti. Amejifungua, akalipia gym, akaweka target ya kurudisha mwili kabla ya harusi ya dada yake. Siku ya pili akashindwa kuinuka kitandani. Sasa anajiita mvivu, na nyie mnamcheka.

Mwanangu, wewe si mvivu. Kaa hapa nikusimulie.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi mzaliwa wa juu huko mlimani, karibu na msitu, nikaolewa hapa chini Akheri. Mume wangu alikuwa anaendesha trekta kwenye shamba la mzungu kule Usa River, nyumbani anarudi Jumamosi.

Nikajifungua Elia, mtoto wangu wa kwanza. Uzazi ulikuwa mgumu jamani. Damu ilinitoka nyingi, miguu ikavimba.

Sasa kwetu Wameru, mzazi halimi wala hachoti maji. Anakaa ndani miezi kama mitatu, kazi yake kunyonyesha na kula.

Na mama mkwe wangu alinilisha, wakuu! Asubuhi mtori, mchana supu, jioni loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando. Usipomaliza anasimama mlangoni anakutazama. Mzazi akitoka amenawiri, sifa ni za mama mkwe. Akitoka amekonda, kijiji kizima kinasema yule mama ni mchoyo.

Basi nikatoka nimenona kweli kweli. Ila nguvu hakuna. Kutoka kitandani mpaka zizini nahema.

Ndipo habari zikashuka kutoka kwetu. Mama yangu ameteleza mgombani, nyonga imevunjika. Hainuki, chakula hataki. Anachouliza ni mtoto tu, ataletwa lini.

Gari lilikuwa halifiki kule. Ni njia ya kupanda, matope na mawe. Na Elia ananyonya, hawezi kwenda bila mimi.

Nikatangaza mbele ya watu wote: Jumapili baada ya ibada napanda kwa mama.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikajikaza. Nilipita kanisa tu, kwenye mwinuko wa kwanza giza likaniingia machoni. Nikakaa chini matopeni. Waumini wenzangu wakanibeba mpaka nyumbani, mchana kweupe, na nguo zangu za ibada.

Mama mkwe akafoka, "Unataka waseme sikukulisha?"

Nililia siku nzima. Aibu ilikuwepo, ila nilikuwa namlilia mama. Niliona kabisa anakufa hajamshika mjukuu wake.

Nikamwomba mume wangu atafute vijana wanibebe hadi juu. Mama mkwe akakataa katakata. "Anayebebwa kupelekwa kwao ni maiti. Mama yake akimwona hivyo, roho itamtoka kabla hamjafika mlangoni."

Mtaniuliza, si ungetembea tembea kwanza, ufanye mazoezi? Msinichekeshe. Mwanamke wa watu aonekane njiani mikono mitupu? Kila mlango utakuuliza: umepigwa? Unakimbia? Kabla ya jioni wazee wameshaitwa.

Asubuhi moja mama mkwe akaniambia, "Nenda kwa Mama Anna ukaniazimie ungo."

Mama Anna ni jirani yetu, pale mferejini. Na ungo tunao, unaning'inia ukutani, nauona! Nikafungua mdomo, akanitazama. Nikaenda. Nikarudi jasho linatiririka. Akaupokea, akautundika juu ya ungo wetu.

Kesho yake, karudishe. Kesho kutwa, kauazime tena.

Nilipoacha kuhema, akasema ungo wa Mama Anna umetoboka, niende kwa Mama Yusufu, mke wa seremala, juu ya kanisa. Baadaye nikatumwa mwiko wa kusongea ugali, nyumba iliyo juu zaidi. Halafu mbegu za maharage, juu zaidi tena.

Nilichukia nyie! Jumamosi nikamwambia mume wangu, "Mama yangu anakufa kule, mama yako ananitesa na nyungo."

Akanitazama miguuni. "Mbona uvimbe umeshuka?"

Nikajitazama. Miguu ilikuwa yangu ile ya zamani.

Nikamfuata mama mkwe jikoni, nikamuuliza kama alikuwa ananipandisha kidogo kidogo kwenda kwa mama. Hakugeuka hata. "Mimi sijui hayo. Mimi nilitaka ungo."

Mvua zikaja, homa ikanilaza. Nilipoinuka nilikuwa mnyonge kama mwanzo. Nikasubiri anitukane. Akasema tu, "Nenda kwa Mama Anna." Tukaanza upya.

Mpaka siku ile akanifunga Elia mgongoni kwa mikono yake, akanipa mkungu mdogo wa ndizi na kibuyu cha samli. "Nenda kwa mama yako ukaniazimie chumvi. Mwambie nimeishiwa."

Nikapanda. Nilipochoka nilikaa kwenye nyumba niliyoazima kitu, wananipa kigoda na maji. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Mama alikuwa amelala ameelekea mlangoni. Nikaanza kumweleza habari ya chumvi, akanikatiza.

"Najua. Wanaopanda jioni wananiambia umefika nyumba ipi. Nilijua umevuka kwa Mama Yusufu. Waliposema umerudi kwa Mama Anna, siku ile sikula."

Nikamlaza Elia kifuani pake. Akamnusa kichwa, akamnusa tena. Kisha akasema, "Nipeni uji. Nataka nguvu za kumshika."

Hapa natua kidogo wakuu. Miaka yote hii, bado machozi yananitoka.

Jioni nikashuka. Mama mkwe yuko mlangoni. "Chumvi iko wapi?"

Nikashika kichwa. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Basi itabidi upande tena," akasema, akaingia ndani. Nami nikapanda tena na tena, na mama alimwona Elia akisimama dede. Kutembea hakumwona, alishatutoka.

Sasa binti wa Olasiti, nisikilize. "Kurudisha mwili" ni lengo zuri, ila liko juu sana na wewe ndio kwanza umetoka ndani. Nawe umelitangaza kama mimi na Jumapili yangu. Chagua nyumba ya kwanza, iliyo karibu. Ukiugua rudi hapo hapo, usijitukane. Na ujue unapanda kwa nani. Kama ni kwa ajili ya picha za harusi, harusi itapita, utachoka. Tafuta mtu anayekungoja.

Na nyie mliomcheka, kila mmoja aandike hapa chini nyumba yake ya kwanza ni ipi, na nani alimtuma ungo. Nitasoma zote, polepole.

Mimi bado natembea kila asubuhi mpaka ilipokuwa nyumba ya Mama Anna. Mikono mitupu siwezi, nabeba ungo.