Ng'ombe wa Kahawia Kwenye Meza ya Wageni

Mtu akitaka kunitoa roho haraka, hana haja ya kunitukana. Aingie tu saloni kwangu, aitazame meza, kisha aseme: "Ngoja niweke sawa hapa kidogo."

Kuweka sawa. Nyumba yetu ya mbao huku Katoyi, mjini Goma, imejaa watu wa kuweka sawa. Kuna mume wangu, kuna watoto, halafu kuna wifi yangu, mdogo wake mume wangu, msichana ambaye akikuta kitu kimekaa mahali pamoja siku mbili anadhani kimesahauliwa. Anakipanguza, anakihamisha, anakiwekea kitambaa cha kufuma juu. Na mimi, sijui nilirogwa na nani, nikajichagulia kazi ya pembeni ambayo haitaki kitu chochote kihame.

Kazi yangu hasa ni ushonaji. Nina cherehani kwenye kibanda kando ya barabara, na nina wateja wanaoleta kitenge Alhamisi wakitaka kuvaa Jumapili, eti kwa sababu mimi ni mwepesi. Kazi ya pembeni ni filamu. Nakunja waya, nauvisha vipande vya vitambaa vilivyobaki kibandani, napata ng'ombe mwenye urefu wa kiganja. Namsimamisha mezani, napiga picha kwa simu. Nasogeza mguu wake kidogo, kiasi cha punje ya mchele, napiga nyingine. Picha kumi na mbili, na filamu imesonga sekunde moja. Ukizipitisha zote kwa haraka, ng'ombe anatembea, na utaapa kwamba anapumua. Lakini mtu akiigusa meza katikati ya kazi, ng'ombe anaruka kama amekanyaga kaa la moto, na asubuhi nzima imekwenda bure. Nilijifunza haya kwenye simu, kutoka kwa watu ambao nina hakika hawaishi na wifi.

Mume wangu aliuita mchezo wa watoto. Sikumjibu, kwa kuwa alijua vizuri sana kwa nini nafanya.

Nilikuwa nafanya kwa ajili ya mama. Alikuja kukaa nasi alipokimbia vita kwetu Masisi. Mama mkwe kulala nyumba moja na mkwe wake si desturi yetu, lakini vita haikutuuliza desturi. Tukamtengea chumba kidogo nyuma ya saloni, tukaweka pazia, na mpaka leo yeye na mume wangu wanasalimiana kwa mbali, kila mtu upande wake wa pazia, kwa heshima zote. Baadaye macho yakaanza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho, mshipa wa nyuma unakufa, na kilichokufa hakirudi. Matone yanachelewesha tu. Nikamuuliza yanachelewesha mpaka lini. Akainua mabega. Wakati ule mama alikuwa tayari anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ukuta: uso wako anauona, mikono yako haioni.

Tukarudi kwa pikipiki, mama katikati, mimi nyuma yake nimemshika. Nikampigia kelele sikioni, kwa sababu ya upepo: angependa kuona nini kabla macho hayajazimika? Nilidhani atasema wajukuu wake wa Kampala. Akasema, "Ngombe zikirudi jioni."

Za kwetu zilibaki kule siku aliyokimbia, na hatukuwahi kupata habari nzuri juu yao. Kumrudisha mama kule kutazama ng'ombe za watu wengine nisingeweza, barabara ikiwa vile ilivyo. Basi nikasema nitazileta mimi. Dakika moja na kitu: kilima cha kijani, jua linazama, ng'ombe wanashuka mmoja mmoja mpaka zizini, mbele yao yule wa kahawia mwenye pembe moja iliyoinamia mbele, ambaye mama alimkamua mwenyewe na hakumruhusu mtu mwingine amguse. Nilitakiwa kumaliza kabla lile tundu halijaziba. Hilo tu. Sikutafuta sifa wala tuzo. Nilitafuta meza isiyoguswa.

Nani alinipa? Vilima nilivitengeneza kwa sponji ya godoro la zamani. Chini nikatandika changarawe nyeusi, maana kwetu Goma mawe meusi ya volkano ni bure, hata ndani ya kiatu yamo. Mama akasogeza uso karibu kabisa na meza, akatazama weee, akasema, "Kwetu hakuna majiwe meusi. Kwetu ni majani." Nikaondoa yote, nikaanza upya. Umeme ulikuja ulipotaka. Nikanunua taa ya kuchaji, nikafunga mapazia ili jua lisinibadilishie rangi, na watu wa nyumbani wakaanza kulalamika kwamba tunaishi pangoni. Volkano nayo haikubaki nyuma. Asubuhi moja ardhi ikatetemeka kidogo tu, ule mtetemeko ambao hata mtu anayekunywa chai haweki kikombe chini, lakini ng'ombe watatu wakalala ubavu. Nikaukasirikia mlima. Nilitoka nje, nikasimama uani, nikautazama, nikausema kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jirani alidhani namsema yeye.

Na wifi. Siku moja nilirudi kutoka kibandani nikakuta ng'ombe wote wamepangwa mstari mmoja, wakubwa mbele, wadogo nyuma, kama wanafunzi wanaoimba wimbo wa taifa.

"Yaya," akasema, na yaya ndiyo dada mkubwa, ananiita hivyo akijua amekosa, "nilipanguza tu vumbi. Nilizirudisha pale pale zilikuwa."

Pale pale. Jamani. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nani amegusa ng'ombe, nani amesukuma kilima, nani ameacha mlango wazi upepo ukaingia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kushona nilikuwa na kelele zangu, na jioni nikirudi nilikuwa na nyingine. Nilijisikia mwenyewe nikawa nachoka na sauti yangu. Lakini mwezi baada ya mwezi wale ng'ombe walishuka. Walikuwa wamefika katikati ya kilima.

Ndipo mume wangu akaniletea habari njema. Kuna kijana anamtaka wifi, kijana mzuri, watu wa ng'ombe kutoka Masisi kama sisi, na ukoo wake unakuja Jumamosi kuongea mahari. Baba yao alikwisha fariki, kwa hiyo mume wangu kama kaka mkubwa ndiye wa kuwapokea, na kupokea ni hapa hapa.

"Sasa Masisi yote iko mu saloni," akasema, "bageni batakaa wapi?"

Nikamwambia meza haihami. Akasema wageni hawawezi kuzungumza mahari kwenye pango. Nikamwambia awapokee uani. Akaniuliza kama nina akili zangu zote, wakwe wakae uani kwa mvua hii, Katoyi nzima itusikie. Tukazozana mpaka wifi akaanza kulia, na hapo nikalegea, kwa sababu na mimi niliwahi kuongelewa mahari, najua siku hizo zilivyo. Tukakubaliana: meza ibaki, ifunikwe. Jumamosi asubuhi nikatandaza kitambaa cheupe juu ya vilima na ng'ombe, taratibu, nimezuia pumzi. Ilionekana kama mtu amelala pale. Tukapanga viti pande zote.

Wakaja. Soda zikagawiwa, sala ikasaliwa, wasemaji wa pande mbili wakaanza maneno yao ya kuzunguka, sisi tumeona ua kwenu, nyinyi ua gani, na kadhalika. Mama alikuwa chumbani kwake nyuma ya pazia, maana si mahali pake. Mimi nilikuwa nashika sinia la vitafunio, jicho langu likiwa mezani tu. Msemaji wa upande wa kijana alikuwa mzee mnene mwenye fimbo ya mfugaji, mtu anayependa kusikilizwa. Kila akisema neno zito aligonga sakafu kwa fimbo, na kila akigonga mimi nilihesabu ng'ombe wanaoanguka kule chini ya kitambaa.

Akafika kwenye ng'ombe wa mahari. Akatutazama, akaielekeza fimbo mezani.

"Munatuomba ngombe," akasema, "na hapa katikati mumeficha nini?"

Akakivuta kitambaa. Kabla sijafungua mdomo, yule mzee alikuwa amemshika wangu wa kahawia, amemwinua juu watu wote wamwone, kisha akamweka mbele ya mume wangu, pu. "Huyu ni wa kwanza. Ni wa mama mwenye kuzaa."

Watu wakapiga makofi. Msemaji wetu, badala ya kumzuia, akafurahi kupata mchezo. Akasema huyo amekonda, akachukua mwingine. Yule mzee akamrudisha, akaongeza ndama. Mashangazi nao wakanyoosha mikono. Ng'ombe wangu wakavuka meza huku na huku, wakapinduliwa, wakapimwa matiti ambayo hawana, kilima kikawekewa chupa ya soda. Mwezi baada ya mwezi wa punje ya mchele na punje ya mchele. Nikaona mguu wa mbele wa yule wa kahawia umening'inia, waya umekatika.

Mke wa mwenye nyumba hapigi kelele mbele ya wakwe. Hilo nalijua, nimefundishwa, ningemfundisha hata binti yangu. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Muache ngombe zangu. Mutu asiziguse tena."

Mashangazi wakarudisha mikono. Mume wangu akatazama dari. Wifi, kwenye mlango wa jikoni, alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Niliona mahari imekwisha, ndoa imekwisha, na ukoo mzima utaniimba mpaka kaburini.

Yule mzee akanigeukia taratibu. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Hii ndiyo nyumba ya kuoa," akawaambia wenzake. "Mwanamuke anafukuza bageni juu ya ngombe ya kitambaa. Ile ya kweli, ataichunga namna gani? Tunaongeza moja." Na wakaongeza, mbele ya mashahidi. Wakati wa kuondoka watu walinishika mkono kwa furaha, wifi alinikumbatia, mume wangu alitembea kama yeye ndiye aliyepanga yote. Wakaomba na simu yangu wajipigie picha, kwa kuwa kamera yake ni nzuri. Mimi nilitaka kumng'ata mtu.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu, nilisimama mbele ya meza nikaona hakuna la kuokoa. Haiwezekani kurudisha ng'ombe kumi mahali pale pale walipokuwa. Hata mimi mwenyewe sipakumbuki. Basi, nikasema, imetosha. Nitamwonyesha mama kilichopo. Ng'ombe wanafika nusu ya njia, na nusu nyingine atajijazia mwenyewe, yeye ndiye anayeijua.

Nikaingia nyuma ya pazia. Nikamweleza kwamba haikuisha, kwamba aniwie radhi, kwamba hawafiki zizini. Akasema haidhuru, nilete. Nikabonyeza, nikamwekea simu mikononi, karibu na uso kama anavyopenda, nikageuka kumimina chai kutoka kwenye termosi. Nilimimina polepole nisimsumbue. Niliporudi na kikombe, mama alikuwa anatabasamu.

"Zinashuka vizuri," akasema.

Simu ilikuwa nyeusi. Wageni walikuwa wameimaliza batri kwa picha zao, na sijui kama ilimwonyesha hata kwato moja. Mama aliendelea kuitazama, akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu zake zinavyopita.

Nikaweka kikombe chini. "Mama, simu imezimika."

Akanipa simu. Nikamuuliza haoni toka lini.

"Toka mvua ya kwanza," akasema. "Hata ile taa yako siioni."

Nilimkasirikia, nisidanganye. Miezi yote ile! Nilimuuliza kwa nini hakusema, nimeamka alfajiri ngapi, nimegombana na kila mtu ndani ya nyumba hii, nimepigia wakwe kelele, kwa sababu ya filamu ambayo hakuna macho ya kuitazama.

"Ungeacha," akasema.

"Ndiyo, ningeacha. Ningelala."

"Na mimi ningebaki na nini hapa?" Akatafuta mkono wangu, akaupata. "Kila asubui ninakusikia. Nani amegusa ngombe, nani ameacha mulango wazi. Kwetu ilikuwa vile vile. Baba yako, bibi yako, kaka zako, kutwa kugombana juu ya ngombe. Tangu tulifika Goma hakuna mutu alikuwa anagombana juu ya ngombe. Walikuwa wanalia tu."

Kule saloni nilisikia wifi anakusanya chupa.

"Ile ya mbele," mama akauliza, "imefika wapi?"

"Katikati ya kilima. Mguu umevunjika."

"Nani ameivunja?"

Nikamwambia ni msemaji wa wakwe, yule mwenye fimbo. Mama akanyoosha mgongo, akavuta kitenge chake vizuri mabegani, akaanza kumsema yule mzee kwa Kihunde, lugha yetu ya Masisi: yeye na fimbo yake, na tumbo lake, na waliomfundisha kushika mnyama wa mtu bila kuuliza. Alimsema taratibu, bila haraka yoyote, na mimi nikavuta kigoda nikakaa, na pale aliposahau kitu nikamkumbusha.