Rangi ya Joho la Bwana Upepo

Hadi leo nikipita njia ya Bondo masikio yananiwaka, na najua wengine wenu mmeshasimuliwa habari hii ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, tai shingoni, ila moyo wangu haukuwa umetoka kwenye sakafu ya jirani yetu wa Kaloleni, Kisumu, ambako miaka ya themanini watoto tulibanana kila Jumamosi jioni mbele ya televisheni isiyo na rangi, tukimtazama shujaa arukaye tuliyemwita Bwana Upepo (jina lake la Kiingereza lilitupita). Kisha Jumamosi moja hakuonyeshwa, wala iliyofuata, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Kukatizwa hivyo kunauma, jamani. Kaka yangu alishikilia kwamba joho lake ni jekundu, mimi nikasema la buluu, na hatukupata wa kutuamulia. Nilipoanza kazi nikawa naokota kila chenye sura yake kwenye mitumba ya soko la Kibuye: kikombe kilichosema buluu, fulana iliyosema nyekundu, na beji iliyochubuka isiseme lolote.

Basi miaka ya tisini nikaenda Bondo kwao Anyango, mchumba wangu, kujitambulisha, pamoja na rafiki yangu Odhiambo, msemaji wangu. Kwa ambao hamkuzaliwa huku, niwaeleze polepole: anayekuja kuposa hukaa alipoonyeshwa, hutazama chini, na hata nyumba ikiwaka moto hachungulii chumba cha kulala cha mama mkwe. Mlango wa chumba hicho ulikuwa pazia. Na pazia lenyewe lilikuwa shuka la mitumba lenye Bwana Upepo, mikono mbele, akiruka juu ya mji.

Jua lilikuwa limelififisha joho likawa kama chai ya maziwa. Lakini upindo wa chini ulikuwa umekunjwa na kushonwa, nami nikajiambia kwamba ndani ya upindo jua halijafika, rangi ya kweli iko pale. Wazee walipotoka nje kushauriana, nikainama kidogo tu.

"We, unafanya nini?" Odhiambo akanong'ona. "Rudi kwa kiti!"

"Naangalia tu, narudi."

Uzi ulikuwa mgumu, nikavuta, kamba ya pazia ikang'oka na msumari wake, nami nikaangukia mbele, nusu mwili chumbani, shuka kichwani. Mama mkwe, aliyekuwa akijifunga kitambaa ili aje kutusalimu, akapiga yowe lililowarudisha wazee mbio, na majirani nyuma yao.

"Sema umeshikwa na kizunguzungu," Odhiambo akaniambia sikioni.

Ulikuwa uongo mzuri. Lakini Anyango alikuwa amesimama mlangoni na trei ya soda, ananitazama, nikaona siwezi kuanza naye hivyo. Nikawaeleza yote, tangu sakafu ya Kaloleni.

"Mwalimu," baba yake akasema, "kwa hivyo umeingia kwa mke wangu kutafuta rangi?"

"Ndiyo, Mzee. Ya joho."

"Na huyu ndiye anafundisha watoto wetu!" jirani mmoja akadakia, na kicheko kikajaa hadi uani.

Mama mkwe akasema kutoka kwenye kona alikojificha, "Muulizeni, huyo mtu wake huwa anaokoa watu?"

"Anaokoa, Mama."

"Basi amwokoe sasa hivi, maana mimi siwezi."

Tulirudishwa Kisumu bila kula, tukaambiwa tusubiri aibu ipoe. Anyango alitusindikiza hadi barabarani, nami nilikuwa nimeshaanza kumuaga moyoni, ndipo akasema, "Mama amecheka. Urudi. Lakini uje na wazee wako."

Nilirudi nao, wakaomba msamaha, nikaoa. Safari hiyo chumba kile kilikuwa na mlango wa mbao na kitasa. Shuka lilikoenda sijui, na mkwe haulizi mambo ya chumba hicho, hata kupitia mke wake (nimejaribu; alinitazama tu, nikaendelea na ugali wangu). Nimeapa kwamba pazia la mtu siligusi tena maishani, na ninyi vijana mnaokwenda kuposa, kaeni mkiligeuzia mgongo. Lakini joho lile lilinifunika uso mzima, upindo umefumuka, rangi imegusa pua yangu kabisa, nami nilikuwa nimefumba macho.