Mayai Kumi na Mawili Tumboni Mwangu

Nitasimulia, ila wale wa kucheka kwa sauti watoke kwanza, maana hata leo nikipanda treni ya Sundbyberg, hapa kwa Waswidi, natafuta behewa la mwisho na kuvuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Nilikuwa kwenye kazi ya majaribio, miezi sita, katika maabara ndogo huko Sundbyberg inayopima mitishamba ya Kichina. Kazi yenyewe unachemsha mizizi (bosi wetu, Daktari Lin, anasema kwao wanawake huinywa wakishajifungua), unachuja, unadondosha matone ndani ya yai ambalo kifaranga ameanza kuumbika, halafu unahesabu kama mishipa ya damu imeongezeka. Ikiongezeka, huenda siku moja dawa hiyo ikasaidia vidonda visivyopona. Kwa hiyo mayai ndiyo kila kitu, na yakipoa basi.

Wiki ile mashine yetu ya kuatamia iliharibika, mayai tukayahifadhi kwenye maabara ya wenzetu kule Farsta, upande wa pili wa mji. Daktari Lin akaniambia, "Chantal, niletee kumi na mawili leo, dawa iko tayari. Ijumaa naamua kuhusu kazi yako."

Nikafika, nikayapokea, nikafungua sanduku la kuyatunzia joto, nikakuta betri imekufa na sanduku ni baridi tupu. Nje theluji. Mwenye akili angempigia bosi simu, lakini mimi nikaogopa kuonekana sijui kazi, nikajiambia nimelea watoto wanne mgongoni, leo nishindwe na mayai? Nikatoa kitenge kwenye mkoba (mama wa Bukavu hatoki bila kitenge), nikayapanga vizuri, nikayafunga tumboni, sweta juu, koti juu.

Kwenye treni bibi mmoja wa Kiswidi, mvi kichwa kizima, akasimama kunipisha kiti. Nikaona nikianza kumweleza mambo ya mishipa ya kifaranga tutafika kesho, nikamshukuru, nikakaa, tena (Mungu anisamehe) nikashika kiuno na kuguna kidogo ili asione amejisumbua bure.

Kituo cha katikati ya mji akaingia Mama Neema, kiongozi wa kwaya yetu kanisani. Akanitazama usoni, akanitazama tumboni, akapiga vigelegele, humo ndani ya treni ya Waswidi ambamo mtu akikohoa anaomba radhi.

"Dada Chantal, ju ya nini ulitufichaka?"

"Mama, haiko vile unawaza."

"Na Baba Espoir alirudiaka lini?"

Mume wangu anafanya kazi Kiruna, huko kaskazini, na kanisa zima linajua hajatia mguu nyumbani tangu Pasaka. Mama Neema akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akafika cha kumi, vidole vikamwishia. Halafu uso ukamlainika kwa huruma.

"Hata kama ni vile, mtoto ni wa Mungu," akasema, akanikumbatia kwa nguvu zote za sauti ya kwanza.

Nikayasikia yakipasuka, moja moja. Majimaji ya njano yenye damu yakanishuka mguuni hadi kwenye kiatu, bibi wa Kiswidi akaona, akabonyeza kitufe cha dharura, Mama Neema akafumba macho na kuanza maombi kwa Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Treni ikasimama kituo kilichofuata, kondakta akaja mbio na sanduku la huduma ya kwanza, na mimi, mama wa watoto wanne, nikafungua koti mbele ya behewa zima nikatoa kitenge. "Ni mayai," nikasema kwa Kiswidi changu kizuri kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yalipona manne. Daktari Lin aliyapokea yakiwa bado na joto langu, akasikiliza mkasa wote bila kutikisika, akayatia dawa, akaniambia kila yai lililopotea lazima liandikiwe sababu. Nikaandika, nikijua daftari lile hakuna mtu anayelifungua.

Jumatatu alilionyesha ukutani kwa projekta mbele ya maabara nzima. Safu ya mwisho, yai la tano hadi la kumi na mbili, sababu ya kifo: kukumbatiwa.

Kazi nilipewa, tena mkataba wa kudumu. Ila nimeapa, betri ikifa tena nampigia bosi simu hapohapo, hata akinifukuza, kwa sababu Mama Neema aliiona damu tu, mayai hakuyaona, na mpaka leo kanisani wananiuliza mtoto niliyempoteza tungemwitaje.